Mgomo Wetu na Unga wa Baba Mkwe

Asubuhi ile baba alianza kwa kuondoa magunia. Yalikuwa magunia matupu ya mbolea ya serikali, ile ya bei nafuu ambayo wakulima wa majani chai huku kwetu, juu ya Kianjokoma, huipigia foleni kila msimu. Mama alikuwa ameyatandika barazani ili watu wafutie miguu matope. Yalikuwa na maandishi makubwa kwamba mbolea ile ni ya serikali. Wageni walikuwa njiani kutoka Meru kuja kuzungumza mahari yangu, na baba hakutaka wayakute pale mlangoni. Aliyakunja mwenyewe, akayaficha nyuma ya zizi la ng'ombe, akarudi akinawa mikono.

Kisha akaja jikoni, nilipokuwa na mama na shangazi zangu tukiponda mukimo wa viazi na mahindi, akaniita nje. Tulisimama kando ya tangi la maji. Baba si mtu wa maneno mengi. Aliangalia hema tulilokodi, akaangalia viti, halafu akasema bila kunitazama, "Ukiulizwa habari ya kazi, sema uko likizo."

Nilikuwa muuguzi katika hospitali ya serikali, na wakati huo wauguzi tulikuwa tumegoma. Serikali ilikuwa imekubaliana na chama chetu kuhusu marupurupu na kupandishwa vyeo, ikatia sahihi, kisha ikanyamaza. Chama kikatuita tuweke zana chini. Tuliandamana mjini Embu tukiwa na matawi mikononi na filimbi midomoni, nami nilikuwa mstari wa mbele, kwa sababu siku ya kwanza ya mgomo damu huwa moto na mtu hujiona anafanya jambo kubwa.

Lakini mgomo ulipokawia, moto ule ulipoa. Mama mmoja jirani yetu alimpeleka mumewe hospitalini, akakuta lango limefungwa, akalazimika kuuza ng'ombe ili amlaze hospitali ya kulipia. Mume alipona, lakini kanisani yule mama alikuwa akinipita kama anapita nguzo. Niliamini tulikuwa na haki, na bado naamini, ila haki yenyewe sikuweza kumweleza mtu aliyeuza ng'ombe. Kwa hiyo baba aliponiambia niseme niko likizo, sikubishana. Nilisema, "Sawa, baba," na nikahisi kama nimetuliwa mzigo.

Baba alikuwa na sababu yake. Mchumba wangu, niliyekutana naye nikisomea uuguzi Meru, alikuwa mtoto wa mtu mwenye kiwanda cha unga. Mzee yule alianza na mashine moja ya kusaga mahindi ya wanawake wa sokoni, na sasa unga wake ulikuwa unauzwa madukani kuanzia Meru mpaka Runyenjes. Hata sisi tulikuwa tunaula. Baba alisema watu wanaoajiri watu hawapendi watu wanaogoma, na hakutaka ndoa yangu ianze na ubishi.

Na cucu pia alionywa. Cucu ni nyanya yangu, mama wa baba, na alikuwa akipokea pesa za wazee, zile ambazo serikali huwatumia wakongwe wasio na mapato. Baba alimwomba asizitaje mbele ya wageni. Watu wangedhani hatumtunzi. Cucu alijibu kwamba amesikia.

Wageni walifika wakiwa wamependeza. Walileta asali, kama Wameru wanavyofanya, na blanketi, na ndizi, na nyuma ya pikapu robota za unga wenye jina la kiwanda chao. Wazee walisalimiana kwa Kimeru na Kiembu, wakasikizana nusu, wakahamia Kiswahili ili mtu yeyote asipotoshe neno. Baba mkwe alikuwa mtu mnene, mchangamfu, mwepesi wa kucheka. Nilimpenda tangu siku hiyo, na nalisema hili mapema kwa sababu mengine nitakayosema yanaweza kumfanya aonekane mtu mbaya. Hakuwa hivyo.

Walikula njahi, maharagwe meusi ya kwetu, na mukimo na nyama ya mbuzi, wakashiba, na mazungumzo yakalegea. Hapo ndipo cucu alipotoka nyumbani akiwa amembeba kuku jike mwekundu, miguu imefungwa kwa ukambaa. Alikwenda moja kwa moja hadi kwa baba mkwe, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Huyu ni wangu," akasema. "Sikumwomba mtoto wangu hata shilingi. Nilimnunua na pesa za wazee."

Baba aliangalia chini. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa jikoni nikichungulia, nikaona shingo yake ikiingia mabegani. Baba mkwe alimpokea kuku kwa heshima, akamshukuru cucu, akamwombea maisha marefu. Kisha akacheka, akasema, "Lakini cucu, kumbe huyu kuku alikuwa wangu tangu mwanzo. Hizo pesa ni sisi walipa kodi tunazitoa."

Watu wakacheka, na cucu akacheka pamoja nao, labda kwa kuwa hakusikia vizuri, labda kwa kuwa alisikia na akaona ni kweli. Mama hakucheka. Baba alitabasamu kwa midomo tu.

Baba mkwe hakukusudia ubaya, ila alikuwa amepata mada anayoipenda. Alieleza jinsi serikali inavyofundisha watu kunyoosha mkono. Alisema wazee anawaelewa, lakini siku hizi hata vijana wenye nguvu wanangoja kupewa. Akasema mwenye biashara ndiye anayelishwa majani makavu huku akikamuliwa kila siku. Kutoka hapo akaingia kwenye vyama vya wafanyakazi. Alisema mtu akiajiriwa anashukuru mwezi wa kwanza, mwezi wa pili anatafuta chama, mwezi wa tatu anasimama langoni na filimbi. Wazee wa kwetu walikuwa wanaitikia kwa kuguna, kwa adabu ya kuwa na wageni, ingawa najua wengi wao walikuwa na watoto walimu waliowahi kugoma mara nyingi kuliko mimi.

Ndipo nikaitwa. Desturi ni kwamba msichana husimama mbele ya watu, anaulizwa kama anawajua wageni na kama wazazi wake wapokee walicholeta. Baba aliniuliza, nikajibu kwamba nawajua, na kwamba wapokee. Wanawake wakapiga vigelegele. Nilidhani yameisha, nikageuka kurudi, na baba mkwe akaniita kwa upole.

"Na kazi inaendeleaje, mtoto wangu?"

"Niko likizo," nikasema.

Alitikisa kichwa polepole, akitabasamu. "Likizo ya filimbi?"

Alikuwa ameniona kwenye taarifa ya habari. Alisema hata alimwita mkewe aje aangalie, akamwonyesha, huyo ndiye msichana wetu, yule wa mbele. Hakulisema kwa hasira. Kisha akaongeza, na sauti yake ilikuwa ya mzazi kabisa, "Sikatai uolewe na kijana wangu kwa sababu umegoma. Mimi naomba tu usinifiche mambo."

Sijui kama nimewahi kusimama muda mrefu hivyo. Kama ningesema tangu mwanzo kwamba tumegoma, na kwa nini, angekuwa na neno la kunipinga nami ningekuwa na neno la kumjibu. Sasa hatukuwa tukizungumzia mgomo tena, tulikuwa tukizungumzia uongo wangu. Nilimwangalia baba, nikitumaini atasema kwamba ni yeye aliyenituma. Alikuwa anaondoa punje ya njahi kwenye suruali yake. Simlaumu. Angefungua kinywa angejiaibisha mara mbili, na siku ile alikuwa amekwisha kuaibika na kuku.

Aliyesema ni mchumba wangu. Yeye alikuwa anashika hesabu za kiwanda na alijua mambo yake. Alisema kwa sauti ya chini, akimwangalia baba yake, "Baba, na sisi tulipozima mashine?"

Mzee akamwambia hayo si ya hapa.

"Tulizima mashine mpaka serikali itulipe ruzuku yetu," akasema. "Hiyo iliitwa nini?"

Kila mtu pale alikumbuka wakati ule. Unga ulikuwa umepanda bei hata watu wakaanza kuchanganya na ndizi mbichi, na serikali ikaahidi kuwalipa wenye viwanda ile tofauti ya bei ili pakiti ishuke bei madukani. Ikashuka kweli, kisha serikali ikachelewa kulipa, na wasagaji wakafunga viwanda mpaka walipolipwa. Rafu za maduka zilikaa tupu. Hatukuwahi kuliita jambo lile mgomo. Tulisema unga umepotea.

Nilifurahi. Sitaficha hilo. Kwa muda wa pumzi moja nilihisi kama mtu amenivua vazi la aibu akamvika mwingine. Halafu nikamwona baba mkwe. Mtoto haongei hivyo na baba yake mbele ya watu anaotaka kuoa kwao, na mzee wa rika lake haulizwi swali la namna ile na kijana aliyemleta aoe. Alikuwa ameshika kikombe, akakirudisha mezani bila kunywa. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Furaha yangu ilikufa papo hapo. Kijana yule alikuwa amemvunjia baba yake heshima kwa ajili yangu, na kwa ajili ya uongo niliousema mwenyewe.

Baba yangu ndiye aliyetuokoa. Alisimama, akavuta koti lake, akasema kwamba unga ule ulioshushwa bei tuliula hapa nyumbani, na kwamba hata mbolea aliyotia shambani mwake ni ya serikali, na magunia yako nyuma ya zizi, anayetaka akayaone. Watu wakacheka, safari hii kicheko cha kupumua. Baba akasema, "Muthoni, sisi sote tumekula. Sasa tuzungumze habari ya watoto." Muthoni ni mkwe kwa lugha yetu. Baba mkwe alishika mkono wa baba, wakaketi karibu, na mahari ikazungumzwa mpaka ikaisha.

Mgomo wetu uliisha baadaye kwa makubaliano ambayo hayakutufurahisha wala kutuhuzunisha. Tulipata baadhi, mengine yakaahirishwa. Nilirudi kazini, nikaolewa kanisani, kisha nikabadilishana kituo na muuguzi mmoja aliyetaka kurudi Embu, nikahamia Meru. Tulikaa Kinoru, ndani ya boma la baba mkwe, nyumba yetu upande huu na yake upande ule. Zahanati niliyopangiwa ilikuwa mbele kidogo ya kiwanda chake, barabara hiyo hiyo, kwa hiyo asubuhi alinipa lifti. Njiani tulizungumza habari za kanisa na bei ya mahindi. Siku ya mahari hatukuigusa kamwe. Mume wangu naye hakumpinga baba yake tena katika jambo lolote. Niliwahi kumuuliza kwa nini, akaniambia kwamba mtu husamehewa mara moja.

Kiwandani walikuwa na wanawake wa kufunga pakiti. Walikuwa vibarua, mtu anafika langoni asubuhi, akihitajika anaingia, asipohitajika anarudi nyumbani. Wengine walikuwa wamefanya kazi hiyo miaka mingi, na bado kila asubuhi walikuwa wageni. Wakaanza kuomba waandikwe kazi ya kudumu, na waruhusiwe kujiunga na chama. Baba mkwe alikataa. Nilitambua kwa sababu mume wangu alikuwa akirudi nyumbani amekunja uso, na nikimdodosa ananiambia ni mambo ya kazi.

Asubuhi moja tuliwakuta wamesimama langoni. Hawakuwa na filimbi wala bango. Walikuwa wanawake tu waliovaa leso zenye vumbi jeupe la unga, wamejipanga mbele ya lango, na gari halikuweza kupita mbele ya kiwanda bila kupunguza mwendo, kwa kuwa walikuwa wamejaa hadi barabarani. Baba mkwe alisimamisha gari. Hakuwapigia honi. Walituangalia sisi wawili. Mimi nilikuwa nimevaa sare yangu ya kazi, nyeupe na bluu, na kitambulisho kimening'inia kifuani.

Nilijua nilichopaswa kufanya. Sikuhitaji kusema neno. Ningefungua mlango, nishuke, niwasalimie, kisha niende kazini kwa miguu, kwani hapakuwa mbali. Badala yake niliinama, nikafungua mkoba wangu, nikaanza kutafuta. Sikuwa natafuta kitu. Niligusa funguo, nikagusa kitambaa, nikagusa funguo tena, mpaka nikasikia gari linaondoka. Wanawake walikuwa wametupisha. Baba mkwe aliponishusha zahanati nilimshukuru kama siku zote.

Haikuchukua muda mrefu mmoja wao alikuja zahanati na mtoto wa chanjo. Sikumtambua mpaka alipoketi. Nilimpima mtoto uzito, nikamwandaa. Yule mama alimshika mwanawe mapajani, akaniangalia wakati nachukua sindano.

"Sista, ulikuwa kwa gari ya mzee," akasema.

Nikakubali.

"Wenzangu walisema, huyo yuko nasi, hao wanajua kugoma, atashuka atusalimie."

Nilimwambia nilikuwa nimechelewa kazini. Yeye akatikisa kichwa kwa kukubali, kama vile mtu anavyokubali bei asiyoweza kuipunguza. Nilimdunga mtoto, akalia, mama yake akamnyonyesha akanyamaza. Niliwaeleza dalili za homa na siku ya kurudi. Aliniaga kwa adabu, akaniita sista tena, akatoka. Sikuweza kumwita mgonjwa mwingine mara moja. Niliinuka, nikaenda kunawa mikono, nikanawa tena.

Jumapili, tulipotoka kanisani, nilimwendea baba mkwe sebuleni kwake. Nilimwambia kwamba wanawake wa pakiti wana haki ya kuandikwa, na kwamba mimi nina chama na sikuona kwa nini wao wasiwe nacho. Nilitarajia anikasirikie, nadhani hata nilitaka anikasirikie. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanieleza kwamba ruzuku haiko tena, kwamba unga wa kutoka nje unauzwa rahisi kuliko wake, kwamba akiwaandika wote kwa mishahara na bima atafunga kiwanda, na wale wote pamoja na mwanawe watakosa kazi.

"Nyinyi mligoma mkarudi, serikali ikawa bado iko," akasema. "Mimi nikifunga sirudi."

Sikujua kama alisema kweli yote au nusu, na nilikuwa naishi katika nyumba aliyoijenga. Nilimwuliza kama anaweza kuwaandika wachache. Alisema atafikiria, na nafikiri alifikiria kweli. Aliwaandika wachache waliokaa kimya siku ya lango. Wengine waliendelea kuwa vibarua. Waliozungumza sana hawakuhitajika tena asubuhi, na yule mama wa chanjo alikuwa mmoja wao. Chama hakikuingia kiwandani. Mume wangu aliniambia habari hizo akiwa amenipa mgongo, akivua viatu.

Yule mama amekuja zahanati mara nyingine, maana mtoto ana ratiba yake ya chanjo. Sasa anauza mboga karibu na uwanja wa Kinoru. Tunazungumza kuhusu uzito wa mtoto, na meno, na kikohozi. Mimi bado ni mwanachama, na mwaka jana wenzangu walinitaka niwe mwakilishi wao zahanati. Nikakataa, nikasema nina watoto wadogo. Baba mkwe anazeeka vizuri, anawapenda wajukuu, na asubuhi siku hizi naenda kazini kwa miguu nikizungukia barabara ya juu, ambayo haipiti kiwandani.

Unga sijanunua tangu niolewe. Huletwa nyumbani na gari la kiwanda, robota moja kwa wakati, na anayeupokea mlangoni ni mimi.